Ngiri Aliyebadilika na Macho ya Mosi

Paukwa!

Pakawa!

Nani kaitikia kwa pua? Wewe mjomba wa huko nyuma, watoto wamekushinda sauti. Tena. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimesikia. Hapo kale, kale ambayo hata kale yenyewe ilikuwa bado changa, wanyama wa Migungani walikuwa na desturi yao. Msafiri akirudi haendi kwake. Hapewi maji. Mzigo wake haufunguliwi. Anapanda juu ya kichuguu kilichopo mlangoni mwa kijiji, wanyama wote wanakusanyika, naye anasimulia safari. Akimaliza, Hondohondo anamuuliza:

"Kaondoka nani?"

Msafiri anajibu.

"Karudi nani?"

Msafiri anajibu.

Kama aliyerudi si yule aliyeondoka, Kanga wanapiga mbawa, pa pa pa, wanapiga kelele: "Amebadilika! Amebadilika!" Hapo anavishwa maua. Anakaribishwa, anakula, anakunywa. Lakini kama aliyerudi ni yule aliyeondoka, Kanga wanageuza mikia. "Yule yule! Yule yule!" Basi, kila mmoja anakwenda zake.

Mwaka mmoja Kobe alikwenda kutafuta chumvi. Akaenda, akaenda, akarudi na mzigo wa chumvi mgongoni. Akapanda kichuguu. Kupanda kwenyewe kulichukua asubuhi nzima.

"Kaondoka nani?" Hondohondo akauliza.

"Kobe."

"Karudi nani?"

"Kobe. Nina chumvi hapa."

"Chumvi tutaiona. Safari imekufundisha nini?"

Kobe akafikiri. "Imenifundisha kwamba chumvi ni nzito."

Yule yule! Yule yule! Wakaondoka wote. Mvua ikanyesha. Chumvi ikayeyuka mgongoni mwa Kobe, ikatiririka, ikaingia ardhini, na wanyama wa Migungani wakala mboga zisizo na chumvi mwaka ule wote. Wakasema Kobe aliwaangusha.

Huyu Hondohondo ndiye aliyekuwa mfasiri wa ishara. Walimwita Mwalimu. Mnamjua hondohondo, yule ndege mwenye domo kubwa. Domo hilo kubwa hivyo, ndani lina hewa. Upepo ukivuma, yeye alisema unavuma kwa sababu. Tunda likianguka, alieleza limeanguka kuashiria nini, na wakati akieleza tunda alilila yeye.

Sasa, hapo Migungani alikuwapo Paa. Mnyama mdogo, miguu kama vijiti, pembe fupi kama vidole. Paa alikuwa na mtoto mmoja, Mosi. Kwa hiyo wenzake walimwita Mama Mosi.

Mosi akaugua macho. Asubuhi moja aliamka akaona majani yana moshi. Asubuhi nyingine akamwona mama yake ana moshi. Utando mweupe ulikuwa unaota juu ya macho, polepole, kutoka pembeni kuja katikati.

Paa akamwita mganga, Kakakuona. Kakakuona akaja, magamba yake yakilia kwacha kwacha. Akamwinua mtoto kidevu, akatazama.

"Utando huu una dawa," akasema. "Juu ya Mlima Ukungu upo mti mweupe. Ukiukwaruza gome alfajiri unatoa utomvu. Jua likipanda unafunga. Utomvu huo utiwe machoni kabla utando haujafika katikati. Ukishafika katikati, mama, usiniite tena."

Paa hakungoja. Alimwacha mtoto nyumbani na bibi yake, akachukua kibuyu, akaondoka. Alipofika kichuguuni, Hondohondo alikuwa amekaa juu.

"Mama Mosi, wapi tena na kibuyu?"

"Mlima Ukungu. Mtoto anapofuka."

"Nani amekuteua?"

"Niteuliwe na nani? Mtoto wangu."

Hondohondo akatikisa domo. "Hapo ndipo kosa lilipo. Ataondoka mama anayempenda mwanawe. Atarudi mama anayempenda mwanawe. Sasa hapo pana hadithi gani?"

"Sitafuti hadithi, Mwalimu. Natafuta utomvu."

Kanga walikuwa wamekwisha kusanyika. Wakacheka, ke ke ke! "Anatafuta utomvu!" Sheria ilikuwa wazi: safari kubwa haifanywi na mtu aliyekamilika. Inafanywa na mwenye kasoro, ili kasoro ipate mahali pa kwenda kufia. Wakatazamana. Nani hapa ana kasoro ya kutosha?

Wote wakasema kwa pamoja: "Ngiri!"

Ngiri alikuwa mwoga. Pembe zimempinda mdomoni, shingo nene, kifua kama gogo, lakini jani likianguka tu, huyo! Mkia juu, anakimbia, anaingia shimoni kinyumenyume, pua inabaki nje inatetemeka. Wakamwita. Akatoa pua.

"Ngiri, umeteuliwa kwenda Mlima Ukungu."

"Mimi? Siendi!"

Kanga wakapiga mbawa kwa furaha. "Anakataa! Anakataa!"

"Mmesikia?" Hondohondo akasema. "Shujaa wa kweli huanza kwa kukataa."

"Lakini mimi nakataa kweli," Ngiri akasema. "Sitaki."

"Tena anakataa mara mbili! Huyu atakuwa shujaa mkubwa sana."

Wakamvuta kwa pembe, wakamtoa shimoni. Hondohondo akasema yeye atafuatana naye kufasiri ishara. Paa akasema, "Na mimi?" Wakashauriana. Mwisho wakakubali Paa aende, kwa kuwa shujaa hawezi kubeba kibuyu mwenyewe. Paa hakubishana. Kama mlango wa kutokea ni huo, atatokea na huo.

Wakaenda, wakaenda, wakafika mtoni.

Kiangazi kilikuwa kimeupunguza mto. Maji yalifika kwatoni tu. Paa akavuka, chwa chwa chwa, akawa ng'ambo. Ngiri akavuka, chwa chwa chwa. Hondohondo akapiga kelele kutoka mtini: "Rudini! Rudini!"

Wakarudi.

"Mto huu mnadhani ni nini?"

"Maji," Paa akasema.

"Si maji. Ni mpaka. Huku ni maisha ya zamani ya Ngiri, kule ni maisha yake mapya. Mpaka wa namna hiyo hauvukwi kama mnavuka dimbwi. Lazima azame, afe yule wa zamani, aibuke upya."

Ngiri akatazama chini. "Nizame wapi, Mwalimu? Hapa hata ulimi haulowani."

"Tutatafuta kina."

Wakapanda kufuata mto kutafuta kina. Hapa hapana kina. Hapa hapana kina. Paa akasema, "Mwalimu, mtoto." Hondohondo akasema haraka ni ishara ya moyo usiokomaa. Jua likazama hawajapata. Kesho yake wakapata shimo la maji lililotulia chini ya mwamba. Ngiri akasukumwa. Chubwi! Akazama. Gulu gulu gulu. Hakuibuka. Hondohondo akawa anaeleza maana ya mapovu. Paa akaruka, akamshika mkia kwa meno, akavuta mpaka ukingoni.

"Unajisikiaje?" Hondohondo akauliza.

"Baridi," Ngiri akasema.

"Sema umezaliwa upya."

"Nimezaliwa upya. Na masikio yamejaa maji."

Wakaenda, wakaenda, wakafika chini ya mlima. Hapo njia zilikuwa mbili. Moja ilipanda taratibu, pana, ina samadi mbichi ya mbuzi mawe, wale wakwea majabali. Nyingine iliingia katika pango, na pango lilikuwa na giza na harufu.

Paa akanusa samadi. "Ni hii. Mbuzi mawe wanapita hapa kila siku kwenda juu na kurudi."

"Je," Hondohondo akauliza, "hao mbuzi mawe wamebadilika?"

Paa akafikiri. "Hapana. Lakini wanafika."

"Unaona! Wanafika, basi. Sisi tunaingia pangoni. Shujaa lazima akutane na hofu yake."

"Mimi hofu yangu tumekwisha kutana," Ngiri akasema. "Tunajuana tangu utotoni. Tupite njia ya mbuzi."

Hawakupita njia ya mbuzi. Paa angeweza kuwaacha hapo. Aliliwaza hilo. Lakini mlima ulikuwa mgeni kwake, ukungu ulikuwa mzito juu, naye aliogopa kupotea peke yake na kibuyu kitupu. Akawafuata. Baadaye alilijutia hilo kuliko jambo lolote.

Ndani ya pango mlikuwa na Fisi. Bibi kizee, amelala, shavu limevimba kwa jino. Ngiri akamkanyaga mguu.

"Nani huyo?" Fisi akanguruma.

Ngiri miguu ikaganda. Hondohondo akamnong'oneza, lakini kwa domo lile hata mnong'ono ulijaza pango: "Usiogope. Huyu si fisi. Huyu ni kivuli chako wewe mwenyewe. Ni ile sehemu yako unayoikataa. Mkumbatie."

"Mimi ni Fisi," Fisi akasema. "Na huo ni mguu wangu. Ondoa kwato."

"Umesikia? Kivuli hukana kuwa kivuli."

"Bibi Fisi, shikamoo," Paa akasema haraka. "Utuwie radhi. Tunatafuta njia ya kwenda juu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Njia mmeiacha nje. Ile yenye samadi. Hapa ni chumbani kwangu. Na huyu mwenye domo ni nani, anayeniita sehemu ya nguruwe?"

"Mwalimu wetu."

"Poleni."

Hondohondo akasogea karibu, akamwonyesha Ngiri kwa bawa. "Tazama meno yake. Meno hayo ni lawama unazojilaumu. Hayawezi kung'ata."

Kwachu! Kivuli kiking'ata, mkia hukatika. Hondohondo akatoka pangoni akipiga yowe, Ngiri akatoka akimpita, na Paa akatoka wa mwisho akisema "Samahani, bibi, samahani." Nyuma yao Fisi alikuwa anatema manyoya.

Walipopata pumzi, Hondohondo akasema mambo yamekwenda vizuri sana. Ngiri amekutana na hofu yake.

"Nimekimbia," Ngiri akasema.

"Umekimbia kwenda mbele. Zamani ulikuwa unaingia shimoni kinyumenyume. Huoni tofauti?"

Ngiri akafikiri. Akaiona tofauti. Akaanza kutembea kifua mbele.

Alfajiri wakafika kileleni. Mti mweupe ulikuwapo, peke yake katika ukungu. Hapakuwa na joka wala mlinzi wala fumbo la kufumbua. Paa akakwaruza gome kwa pembe, kwaru, kwaru, akatega kibuyu. Utomvu ukashuka: to, to, to. Akangoja, miguu inatetemeka kwa baridi. Kibuyu kikajaa. Jua likachungulia, gome likafunga.

"Twendeni," Paa akasema.

"Bado," Hondohondo akasema. "Hapa ndipo kilele cha hadithi. Shujaa akikipata alichokitafuta, anagundua kwamba hakukihitaji. Dawa ya kweli ilikuwa moyoni mwake siku zote. Ngiri, mwaga utomvu."

Paa alidhani hakusikia vizuri. "Amwage nini?"

"Kibuyu kikirudi kimejaa, watasema tulikwenda kuteka dawa. Kikirudi kitupu, hapo kuna la kusimulia."

"Hicho kibuyu ni macho ya Mosi, Mwalimu. Mimi nakihitaji."

"Wewe si shujaa, Mama Mosi. Wewe ni mbeba kibuyu."

Ngiri akamtazama Paa. Akamtazama Hondohondo. "Mwalimu, nikimwaga, Kanga watapiga mbawa?"

"Watalia machozi."

Pembe ya Ngiri ikapita, pu! Kibuyu kikalala. Utomvu ukatoka, glo glo glo, ukaingia kwenye mawe. Paa akamrukia Ngiri, akampiga pembe ya pua, ngu! Ngiri akaketi chini. Paa akakinyanyua kibuyu. Chini kabisa ndani yake kulikuwa kumebaki kidogo. Aliutazama mti. Umefunga. Kungoja alfajiri nyingine ni kumwacha mtoto na utando unaokua. Akafunga kibuyu, akageuka, akakimbia.

Alishuka kwa njia ya mbuzi mawe. Nyororo, haina jiwe. Akafika chini jua bado changa. Akavuka mto, chwa chwa chwa. Jua halijafika utosini akakiona kichuguu cha Migungani. Basi hiyo ndiyo ilikuwa safari yenyewe, wasikilizaji wangu. Asubuhi moja ya mwendo wa paa.

Kanga wakamwona. "Simama! Panda! Simulia!"

"Pisheni."

"Kaondoka nani?"

"Paa."

"Karudi nani?"

"Paa. Pisheni, nina dawa!"

"Yule yule! Yule yule!"

Akapita katikati yao kama mshale, mpaka kwake. Kakakuona akaitwa, akaja, kwacha kwacha. Akatikisa kibuyu sikioni.

"Hii ni ya jicho moja."

"Nitie lipi?"

"Kushoto utando umeshakaribia katikati. Tuliokoe hilo. La kulia linaweza kungoja leo. Kesho jioni, sijui. Kesho kutwa, hapana."

Wakatia jicho la kushoto. Mosi akalia, akapepesa, akatulia. "Mama," akasema, "mbona umekonda?"

Paa akageuza uso.

Huko nje kelele zilikuwa zimeanza. Ngiri amefika na Hondohondo, amepanda kichuguu, anasimulia. Mto ukawa bahari ya moto. Fisi akawa na vichwa saba, kila kimoja kikimwita Ngiri kwa jina la utotoni. Alipofika kwenye kibuyu akanyamaza kidogo, kama alivyofundishwa njiani, halafu akasema kwa sauti ya chini: "Nikakimwaga."

Kanga walilia. Walilia kweli, machozi yakatona.

"Kaondoka nani?"

"Mwoga!"

"Karudi nani?"

"Shujaa!"

Pa pa pa! "Amebadilika! Amebadilika!"

Jua lilipopungua makali, Paa akasikia hodi. Ni Ngiri, shingo imejaa maua, na nyuma yake Kanga wawili wa kushuhudia.

"Mama Mosi," Ngiri akasema, "nimekuja unisamehe. Mwalimu anasema bila msamaha hadithi haijakamilika."

Paa alikuwa anafunga kibuyu mgongoni. Akakifungua, akakiweka chini mbele ya Ngiri.

"Vizuri umekuja. Jicho la kulia bado. Njia unaijua sasa. Hakuna pango, hakuna kuzama. Wewe una mbio kuliko mimi, na mimi miguu imekwisha. Ukienda sasa, alfajiri uko mtini, asubuhi uko hapa. Nenda, nitakusamehe ukirudi."

Ngiri akakitazama kibuyu. "Peke yangu?"

"Peke yako."

"Lakini mimi nimeshabadilika, Mama Mosi."

"Basi itakuwa rahisi."

Ngiri akasimamia mguu huu, akasimamia mguu ule. Akageuka kuwatazama Kanga. "Si kwamba sitaki," akasema. "Ila safari imekwisha. Nimevishwa maua. Nikienda tena, nitakuwa nimeharibu mwisho."

Kanga wakatikisa vichwa. Kweli, angeharibu mwisho.

Paa akakiokota kibuyu, akapita kati yao, akaenda mwenyewe. Alikwenda akichechemea. Alfajiri alikuwa mtini, lakini kurudi hakurudi asubuhi. Miguu ilikataa. Alishuka akianguka na kuinuka, akivuka mto alikaa katikati ya maji, akainuka. Alifika jioni.

Kakakuona akatia dawa jicho la kulia. Wakangoja. Mosi akapepesa.

"Unaona nini?"

"Naona mwanga."

"Na mimi? Unaniona?"

"Naona mwanga, mama."

Kakakuona akafunga mkoba wake. "Ungekuja asubuhi," akasema. "Na kama jana kibuyu kingefika kimejaa, hata hiyo asubuhi usingeihitaji."

Habari zikaenea. Hondohondo akaja mbio, Kanga nyuma yake. Akamzunguka mtoto, akamtazama huku, akamtazama huku, akafumbua domo lote.

"Ajabu! Jicho moja linaona, jingine halioni! Njooni mtazame! Hii ni ishara kubwa kuliko zote. Jicho la kushoto anaona nje. Jicho la kulia anaona ndani!"

"Aaa!" Kanga wakasema.

Mosi akainua uso. "Ndani ya nini, babu?"

Hondohondo akarudi hatua moja nyuma.

"Mimi kwa jicho hili sioni ndani," Mosi akasema. "Naona mwanga tu. Ndani ya nini?"

"Ndani ya... ndani ya kila... ndani, mwanangu, kwa maana ya..."

"Mjibu," Paa akasema. Alikuwa amelala chini, miguu imevimba, hakuinuka. "Umekuja na watu nyumbani kwangu. Mtoto amekuuliza. Mjibu."

Domo lilikuwa wazi, hewa inaingia na kutoka. Kanga mmoja akakohoa. Mwingine akakumbuka amewaacha vifaranga. Wakatoka mmoja mmoja bila kupiga mbawa, na Hondohondo akabaki amesimama katikati ya chumba, mtoto anamtazama kwa jicho moja, anangoja.

Sasa sikieni, wakubwa na wadogo. Mwenye mgonjwa akikutuma dawa, kaa kimya, nenda, ulete dawa. Kama njiani umekuwa mtu mwingine, hayo ni yako, usimtoze mgonjwa. Na nyinyi mnaopokea wasafiri, fungueni mzigo kwanza. Anayemshangilia aliyemwaga, naye amemwaga.

Yangu yanakomea hapo. Mimi nimefika, kibuyu changu hiki. Aliyesikia vibaya amuulize jirani yake.